Chupa ya Ijumaa, Machi Kumi na Moja

Ferrara, 22 Januari 1979

Profesa Zuccoli,

Baada ya salamu, ambazo leo ni fupi kwa sababu hasira ni ndefu: Shangazi amegoma.

Sijui kama huko Lizzano, kwenye theluji na sungura wako, bado unawakumbuka kwa majina tuliyowapa pale maabara. Shangazi ni ile molekuli yenye elektroni ya kugawa. Mpwa ni ile inayoelea mbali naye ndani ya kiyeyusho, ikisubiri kupewa. Ukiwamulika kwa mwanga mkali, chaji inaruka kutoka kwa Shangazi hadi kwa Mpwa, na Mpwa akishapokea anageuka buluu, kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Wataalamu wote walisema wawili hao wako mbali mno, hawawezi kupeana kitu. Mwaka 1966 wewe ukawawekea mezani picha ya ile buluu, wakafyata mkia.

Mimi naitafuta buluu hiyo mwezi wa kumi na moja sasa. Nina leza ambayo wewe ungeiota tu. Kila siku namulika, kila siku mstari wa mashine, ambao ungeinuka kama buluu ingekuwepo, napata umelala kifudifudi.

Nakueleza kwa nini hili si suala la udadisi. Tarehe 30 Aprili napeleka karatasi zangu kwenye usaili wa uprofesa. Ni mara ya tatu, na nina miaka thelathini na tisa. Niliwaahidi wasaili kwamba nitaipima ile buluu yako kwa leza, hatua kwa hatua. Nikienda kuwaambia haipo, watamwamini nani kati ya Cavallari na Zuccoli? Watasema mwanamke huyu hajui hata kuosha chupa, na mlango huo kwangu utakuwa umefungwa moja kwa moja.

Kwa hiyo nakuomba. Kuna jambo gani tulilifanya ambalo halikuandikwa? Ningekupigia simu, lakini nasikia umeing'oa ukutani.

Mwanafunzi wako,
Ornella Cavallari


Lizzano, 29 Januari 1979

Cavallari,

Umeingiza hewa.

Kurasa mbili za malalamiko, na jibu lake ni maneno mawili. Oksijeni ni mgeni asiyealikwa, anakula kabla ya wenye nyumba. Pitisha naitrojeni ndani ya chupa dakika arobaini. Nasema dakika arobaini za saa, si za sigara, maana nakujua. Zungushia chupa foili mpaka nukta ya mwisho. Shusha mapazia, na yule anayeingia kila mara kuuliza kama kahawa iko tayari mfungie nje. Ukifanya hayo buluu itakuja yenyewe. Kwangu ilikuja na taa mbovu iliyopasuka kila wiki mbili, sembuse kwako na leza.

Simu niliing'oa kwa sababu watu walikuwa wanapiga.

A. Zuccoli


Ferrara, 12 Februari 1979

Profesa,

Nimefanya yote. Naitrojeni dakika arobaini, kisha sitini, kisha saa mbili nzima, mpaka nusu ya kiyeyusho ikapaa nayo. Foili nimezungushia chupa, nimezungushia mirija, imebaki kujizungushia mwenyewe. Nimekaa gizani wiki mbili kama popo, na nikitoka nje jua linanitoa machozi. Sigara nimeacha, na usiniulize niko katika hali gani.

Hakuna buluu. Hakuna hata kivuli cha buluu.

Nimebadilisha Shangazi, nikatengeneza mwingine mpya kutoka mwanzo. Nimebadilisha Mpwa. Jambo moja linanisumbua. Wewe ulipompima Mpwa peke yake, bila Shangazi, hapakutokea buluu, na siku hiyo nilikuwepo. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Baadaye buluu ilipokuja ukasema, mtoaji ni Shangazi, hakuna mwingine. Sawa. Mbona basi kwangu Shangazi huyohuyo amekuwa bahili?

Tafadhali usiniandikie tena kuhusu hewa.

Ornella Cavallari


Lizzano, 20 Februari 1979

Cavallari,

Kama si hewa, basi ni kiyeyusho, na kama ni kiyeyusho basi ni uvivu. Nimesita kuliandika hili kwa heshima ya miaka uliyofanya kazi chini yangu. Kusita kumekwisha.

Kiyeyusho kinatoka kiwandani na takataka zake. Kwangu kilikenekwa: kinachemshwa juu ya sodiamu kutwa nzima, mvuke unapozwa, unakingwa tone kwa tone. Aliyekeneka aliandika herufi zake mbili kwenye lebo ya chupa na kwenye daftari. Chupa isiyo na herufi haikupanda meza yangu. Kuna bwana mmoja kutoka Turin nilimmwagia lita mbili sinkini mbele ya wageni kwa sababu alisahau kusaini. Alilia. Hakusahau tena.

Sasa nakuuliza. Huko Ferrara unakeneka mwenyewe, au umekuwa mkubwa mno na unawaachia wanafunzi? Ulikuwa na mikono mizuri, lakini kila mara ulikuwa na haraka ya kuwahi basi la kwenu Comacchio.

A. Zuccoli


Ferrara, 9 Machi 1979

Profesa,

Kaa kitako kwanza.

Nakeneka mwenyewe. Kila Jumatatu, tangu asubuhi mpaka jioni, miaka yote hii, kwa sababu ulinitia woga ambao haujanitoka. Jumatatu hii chombo changu cha kukenekea kilipata ufa kikaniharibikia. Kingine kitakuja baada ya siku kumi. Mimi siku kumi sina. Nikajisemea potelea mbali, nikafungua chupa ya kiwandani, sikukeneka, nikamimina vivyo hivyo. Nilitaka tu kuona kama leza imekaa sawa.

Buluu ikaja, Profesa. Ilikuja ileile ya picha yako ya 1966, na kimo chake kilekile. Nilipiga kelele mpaka mtu wa kahawa akaingia.

Furaha hiyo ilidumu robo saa. Kisha nikafanya unavyojua ningefanya. Nikamtoa Shangazi. Nikampima Mpwa peke yake, katika kiyeyusho kilekile kisichokenekwa. Buluu ikaja tena, haikupungua hata unywele.

Unaona lililotokea. Kiwandani wanatia dawa kidogo ili kiyeyusho kisiharibike kikikaa na kugeuka baruti. Dawa hiyo inatoa elektroni kwa yeyote anayenyoosha mkono. Mpwa hakupewa na Shangazi. Alipewa na mpita njia. Sisi tulimtazama mpokeaji tu, tukaona amepata, na hatukuwahi kumwangalia mtoaji kama amepungukiwa.

Kwa hiyo siku ile ya buluu chupa yetu ilikuwa haijakenekwa. Sioni maelezo mengine. Daftari la Machi 1966 ulilichukua ulipostaafu. Naomba ulifungue uniambie limeandikwa nini. Nikiwa na ukurasa ule, na neno lako mwenyewe kwamba kosa limeonekana, naweza kusimama mbele ya wasaili na kitu cha kweli mkononi. Bila neno lako mimi ni mwanafunzi aliyeshindwa, anayemsingizia mwalimu wake.

Najua nakuomba nini. Ningekuwa na njia nyingine nisingeomba.

Ornella


Lizzano, 14 Machi 1979

Cavallari,

Daftari ninalo. Naandika lilivyoandikwa.

Jaribio la buluu, Jumamosi 12 Machi 1966. Chupa iliyotumika: ya Ijumaa 11 Machi. Imekenekwa. O.C.

Hizo herufi si zangu. Ni zako. Kama chupa ile haikukenekwa, basi uliisaini na hukuikeneka, nami nikakuamini. Umenidanganya miaka kumi na mitatu, na leo unaniletea uongo wako umeufunga vizuri na kuuita ugunduzi, unitume nikautangaze kwa mdomo wangu.

Usiniandikie tena.

A. Zuccoli


Ferrara, 19 Machi 1979

Profesa,

Nitakuandikia, na utasoma.

Ijumaa tarehe 11 Machi 1966 nilikuwa Comacchio, natembea kando ya mfereji nyuma ya jeneza la baba yangu. Alifariki Jumatano. Nilipata habari siku hiyohiyo saa sita mchana, nikaja mezani kwako nikakuambia, ukasema nenda. Nikapanda basi hilohilo unalonisimanga nalo. Nilirudi Jumanne ya tarehe 15. Mama alinipa mtungi wa samaki wa mkunga katika siki nikuletee, kukushukuru kwa telegramu yako ya pole. Ulimla mkunga huyo umesimama, kwa vidole, ukaniambia: "Cavallari, imekuwa buluu." Hukuuliza baba amezikwa vipi. Nami nilifurahi kwa ajili yako, mjinga mimi, nikavaa koti nikaanza kazi.

Chupa za mwanzoni mwa Machi nilizikeneka mimi. Katika hizo Mpwa peke yake hakugeuka buluu, na ilikuwa sahihi asigeuke. Chupa ya Ijumaa sikuikeneka, sikuiona, sikuisaini. Ulimpima Mpwa kwenye chupa safi, ukawapima wawili kwenye chupa chafu, ukalinganisha. Ndiyo siri yote ya umaarufu wetu.

Mara mbili kiangazi kile nilikuomba turudie jaribio kwa chupa mpya. Ulisema buluu ni buluu.

Sasa mimi nauliza swali moja, na nimelala nalo nikaamka nalo. Sikuwepo. Nani aliandika O.C.?

Zimebaki siku arobaini na mbili.

Ornella Cavallari


Lizzano, 3 Aprili 1979

Mwanangu Ornella,

Mimi ni Argia, dada yake Adelmo, yaani Profesa wako. Ile telegramu ya msiba wa baba yako niliituma mimi, uniwie radhi. Yeye aliniambia kwa simu kwamba wewe hupo na mambo yanamharibikia, nikamuuliza kwa nini hupo, ndipo akataja msiba kama mtu anayetaja mvua. Nikaweka jina lake ili tusiaibike.

Barua yako ya mwisho alinipa niitie jikoni kwenye moto. Niliisoma kwanza. Mimi nina miaka sabini na sita, sina muda wa kuchoma vitu nisivyovijua.

Mwanangu, huyu mtu amenichosha. Nimempikia ugali wa polenta na sungura, akaenda kuwamwagia kuku. Ameshusha masanduku yote kutoka darini, ametandaza makaratasi sebuleni, natembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yangu. Jana nimemkuta amekaa na daftari moja magotini, ameshika kalamu, anaandika herufi mbili pembeni ya gazeti. O.C., O.C., O.C. Ukurasa mzima. Nikamuuliza, Adelmo, unajifunza kuandika uzeeni? Akaniambia nitoke.

Mambo ya molekuli sijui. Lakini ndugu yangu huyu namjua tangu kuzaliwa kwake, na mwandiko wake naujua hata akiuficha. Ile O ya kwenye daftari haifungi juu. Wewe bahasha zako zote O umeifunga.

Sitaandika zaidi. Lililobaki aliseme mwenyewe, na nimemwambia hivyo, na nimemwambia kwamba mpaka aliseme atajipikia.

Argia Zuccoli


Lizzano, 14 Aprili 1979

Ornella,

Argia amekwenda kanisani kwa ajili ya Pasaka na nyumba imetulia, kwa hiyo naandika kabla hajarudi kunisimamia.

Ni mimi.

Ile taa kubwa tulikuwa nayo mpaka Jumamosi. Jumatatu ilikuwa inahamia kwa wale wa ghorofa ya pili, na wale walikuwa wanaitafuta buluu kama mimi. Wewe hukuwepo. Chupa zako zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa saa tisa alasiri, Ijumaa, na kukeneka ni kazi ya kutwa. Nikajaza chupa kutoka kwenye pipa. Nikajiambia hili ni jaribio la kuona tu, Jumanne Cavallari atarudi, tutafanya la kweli kwa chupa safi.

Lakini chupa isiyo na herufi haipandi mezani. Sheria niliitunga mimi, nimemliza mtu kwa ajili yake, na msaidizi wa taa alikuwa amesimama anangoja. Herufi zangu nisingeweza kuandika. Kila mtu pale alijua Zuccoli hakeneki, ana watu wa kumkenekea. Nikaandika zako. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufungua kizibo.

Kisha buluu ikaja. Nilitaka kukuandikia kwamba baada ya hapo nilisahau. Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu na si ya kweli. Uliponiomba turudie nilijua kwa nini sitaki. Nilikataa kukumbuka, na ukikataa kukumbuka kila siku inakuwa kazi kama kazi nyingine, unaizoea. Mwezi uliopita, nilipokuandikia kwamba umenidanganya, nilikuwa nimeshaizoea kiasi kwamba nilifunga bahasha nikaenda kulisha sungura.

Nimewaandikia wahariri wa jarida lililoichapisha picha yetu kwamba buluu ya 1966 ilitoka kwenye dawa ya kiwandani na si kwa Shangazi, kwamba aliyegundua ni Cavallari wa Ferrara, na kwamba kosa la chupa ni langu peke yangu. Nimetaja herufi zilizoghushiwa. Nakala imo humu, wapelekee wasaili.

Barua peke yake haitatosha. Nawajua wasaili, wawili niliwafundisha mimi. Watasema mzee amechanganyikiwa milimani. Wanataka jaribio. Nitashuka Ferrara Jumanne tarehe 24. Tarehe 25 ni sikukuu, maabara itakuwa tupu. Nitakeneka mwenyewe, na wewe usisaini chochote.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Karatasi zimeshachukua uongo wangu wa kutosha.

Adelmo Zuccoli


Ferrara, 28 Aprili 1979

Mpendwa Mama Argia,

Njoo umchukue ndugu yako, nakuomba.

Amekaa kwangu siku nne na nimebakiza akili kidogo tu. Kahawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Leza yangu imewekwa upande usiofaa. Vyombo vyangu vya kioo, anasema, vimepulizwa na mtu mwenye kikohozi. Siku ya sikukuu nzima, watu wako barabarani na bendera, sisi tumejifungia na sodiamu. Hajakeneka tangu ujana wake. Alifunga mrija wa maji kinyume akatulowesha wote wawili, akaunguza kidole, akakataa nikifunge. Nikimkaribia ananipiga mkono. Mara tatu aliharibu akaanza upya, na kila mara alikitukana kiyeyusho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Cavallari, wewe ulikuwa unafanya hivi kila wiki."

Alhamisi tulipima. Kwanza chupa ya kiwandani: buluu, kama nilivyomwandikia. Kisha chupa yake, Shangazi na Mpwa pamoja, kila kitu kama 1966 isipokuwa usafi. Nikamulika. Mstari ukatokea umelala, hauna hata nundu.

Mama, nilijiandaa kwa ugomvi. Nilidhani atasema ni hewa. Aliutazama ule mstari, mikono nyuma, akasema: "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia mara saba. Mara ya saba akavuta kiti akakaa.

Akaomba kalamu. Kwenye lebo ya chupa yake hakuandika herufi mbili. Aliandika Adelmo Zuccoli, nimekeneka mwenyewe, na tarehe. Kisha akatoa lile daftari la 1966 kwenye mkoba, akalifungua mbele yangu, akaifuta ile O.C. kwa mstari mmoja ulionyooka, ili chini bado isomeke, na juu yake akaweka herufi zake.

Jana karatasi zimekwenda kwa wasaili, na picha zote mbili, ya buluu na ya mstari, na barua yake, na nakala ya ukurasa ule. Majibu yatatoka Juni. Anasema wakininyima atashuka tena na kuwamwaga wote sinkini. Namwamini.

Niongeze moja. Ile Alhamisi nilikuwa naosha vyombo, nikidhani amesinzia kwenye kiti. Akaniita. Hakuniita Cavallari.

"Ornella," akasema, "baba yako alizikwa vipi?"

Nikazima maji. Nilimweleza kila kitu, mfereji, ukungu, walivyolibeba jeneza kwenye ngazi za daraja na mjomba wangu akateleza, tukacheka tukiwa tunalia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Tulikula tumechelewa, na chakula kilikuwa cha baridi, na hilo nalo alilalamikia.

Wako,
Ornella